Tulivyokwenda Lisbon Kuonja Harusi

Wenzangu wa masufuria, naandika ili nipumzike. Tangu nirudi, kila jiko ninaloinamia kuna mtu ananiuliza Ulaya kukoje, na kila nikisimulia mnacheka mahali ambapo sikukusudia. Someni hapa wote kwa pamoja, mcheke mara moja, kisha turudi kuchambua mchele. Mambo ya viza na makaratasi nayaruka. Yalishughulikiwa na vijana, kazi yangu ilikuwa kuweka vidole pale nilipoonyeshwa.

Kwa asiyejua, chanzo cha safari ni hiki: binti yangu Nasra anafanya kazi Lisbon, mji wa kale wa Wareno, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko huko amempata Faraji, kijana wa Mbezi Beach anayefanya kazi za kompyuta. Wakaamua ndoa na sherehe vifanyike huko, kwenye ua wa jumba la zamani, na wakatuita akina mama wawili, mimi na Mama Faraji, tukalione jumba, tuonje chakula, tuseme ndiyo.

Mie jibu nilikuwa nalo kabla ya kupanda ndege. Mama yangu, Bi Tatu, ndiye aliyemlea Nasra tangu ana miaka miwili, wakati mie nazunguka na shughuli za watu. Sasa magoti yake hayamfikishi hata dukani, na daktari amemwambia ndege asiisogelee. Harusi ya Nasra bila Bi Tatu haikuniingia akilini. Nilipanga niende, nishukuru, nile, halafu niseme hapana kwa adabu.

Kilichoniponza ni adabu yenyewe. Mama Faraji ni mkwe, na ni mwalimu mkuu mstaafu, anavaa miwani yenye mnyororo na anaongea kama kila neno linapigwa pasi kwanza. Siku ya kwanza tulipokutana alisema, "Nasikia harusi za Ulaya zina mpangilio, mkwe." Mie, nisionekane mshamba wa Kiwalani, nikajibu kwamba mpangilio ndio ugonjwa wangu. Basi nikawa nimejifunga kamba mwenyewe.

Kiwalani mpaka uwanja wa ndege

Nimezaliwa Kiwalani, na mnajua ndege zinavyopita juu ya mabati yetu. Kwetu ndege ikipita mnanyamaza, hata kama mnagombana. Mnaisubiri iende, halafu mnaendelea na neno lile lile mlilolikatia. Kwa sababu hiyo miaka yote nimejiita mtaalamu wa ndege. Kumbe nilichokuwa nakijua ni tumbo la ndege tu.

Uwanjani ni karibu kiasi kwamba ningeweza kwenda na kandambili. Hata hivyo nilisindikizwa na watu kumi na wawili, na nikalia. Bi Tatu alibaki barazani. Aliponiombea dua akaniagiza jambo moja.

"Ukila cha harusi, nifungie na mie."

Nikamwambia hakuna harusi, tunakwenda kuonja tu.

"Hicho hicho cha kuonja," akasema.

Hilo kwetu halina mjadala. Shughuli yoyote ina wagonjwa na wazee wasiofika, na mpishi anayefunga jiko bila kuwafungia hao chakula chao, mwaka mzima atasemwa. Nikamuahidi.

Uwanjani kulikuwa na ngazi ya umeme. Mama Faraji aliipanda kama aliyezaliwa juu yake. Mie nikainama kufunga kamba za viatu ili nipate muda wa kuisoma tabia yake, na nilipokuwa nimeinama nikakumbuka kwamba viatu vyangu havina kamba. Mwanamke mmoja mfanyakazi wa usafi akanishika mkono bila kuniuliza, akanipandisha.

Angani, na njaa ya heshima

Tulikaa siti za jirani, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Mie nilifundishwa kwamba mbele ya mkwe huli ukatafuna, huchukui kipande kikubwa, na ukikaribishwa mara ya kwanza unasema umeshiba. Chakula kikaletwa kwenye sinia dogo: wali, kuku, mkate na kitu cheupe ambacho mpaka leo sikijui. Nikasema nimeshiba. Mama Faraji naye akasema ameshiba. Sinia zikarudi kama zilivyokuja, na mie nikazisindikiza kwa macho mpaka pazia lilipofungwa.

Mkate ule, hata hivyo, nilikuwa nimeuficha kwenye mtandio. Baada ya dakika kama kumi nikaomba njia, nikaenda chooni, nikaula nimesimama, huku taa ya kuwaambia watu warudi kwenye siti imewaka na ndege inanitupa huku na huku. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, mpishi wa masufuria makubwa, anakula mkate mkavu kwenye choo cha ndege. Nilirudi nikijifuta midomo. Mama Faraji naye akaomba njia, akaenda, akakawia sana. Nikamuonea huruma, nikadhani tumbo.

Lisbon, na gari lililoziba reli

Afisa wa Lisbon alifungua begi langu, akakuta mfuko wa bizari ya pilau, akaunusa. Alipiga chafya tatu mfululizo, akalifunga begi na kunionyesha mlango.

Nasra alikuwa anatusubiri na makoti mawili; Faraji kazi ilikuwa imempeleka mji mwingine wiki ile. Amekonda usoni lakini kicheko chake ni kile kile. Alimwamkia Mama Faraji shikamoo kwa kupiga goti kidogo, watu wakatazama, na mie nikavimba kwa fahari.

Mji wenyewe ni mzuri, sitasema uongo. Kuta zimebandikwa vigae vya bluu vyenye picha, mitaa ni ya mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza. Ila hawakuniambia kwamba ni mji wa vilima. Kufika anapokaa Nasra ni ngazi tupu. Nilizihesabu mpaka sabini nikaacha, maana pumzi ya kuhesabia iliisha. Kilichonifariji ni nguo. Nilidhani Wazungu wana mahali pa siri pa kuanikia, kumbe wanazitundika madirishani, za ndani na za nje, zinapepea juu ya vichwa vya watu kama kwetu. Jioni tukapelekwa kula, na baada ya kuvuka mabara mawili nikaletewa samaki wadogo wa kuchoma, dagaa waliokua. Mama Faraji alikula mmoja kwa uma na kisu. Basi na mie nikala mmoja.

Asubuhi ya pili ndiyo ilikuwa siku ya jumba. Tulipanda lile behewa la njano linalopita barabarani juu ya reli. Lilipanda kilima kwa kelele, likakata kona, likasimama. Mtu alikuwa ameegesha gari dogo, matairi mawili yakiwa juu ya reli. Dereva akapiga kengele. Akapiga tena. Nusu saa ikapita watu wanasoma simu zao, na Nasra anatazama saa kwa sababu tulikuwa na miadi.

Nyuma yetu mtu akasema kwa Kiswahili, "Mama zangu, mwenye gari yuko kahawani, ananywa."

Alikuwa mzee wa Msumbiji, mwenyeji wa Palma, aliyekaa Lisbon miaka mingi. Alituuliza tunakwenda wapi, nikamwambia. Akauliza, "Na wazee wenu watakuja na nani?" Mkwe alikuwa anasikiliza. Nikajibu kwa sauti kwamba wazee wamebariki, hawana neno. Mzee akanitazama kidogo, akasema basi vizuri.

Ili kuyakimbia macho yake nikateremka kusaidia. Wanaume wanne walikuwa wameshalishika lile gari wanalitikisa lisogee. Mie nimezoea kuhamisha masufuria ya watu mia tano, nikashika kwa nyuma na kuanza kuwahesabia, "Moja, mbili, tatu." Wareno wale wakafuata hesabu bila kuielewa na gari likatoka. Walinipigia makofi. Mama Faraji alikuwa anatazama upande wa pili wa barabara kama mtu aliyepanda peke yake. Ndipo nikahisi upepo ubavuni. Gauni langu jipya lilikuwa limeachia mshono kutoka kwapani mpaka kiunoni, na ndivyo nilivyoingia kwenye jumba la kifahari, mtandio nimeuzungusha kiunoni kama ninakwenda kusonga ugali.

Ua wenye michungwa

Mwenyeji wetu alikuwa binti anayeitwa Inês, mpole, ana daftari. Ua una michungwa minne, chemchemi katikati, na vigae vya bluu pande zote. Nilijaribu kuuchukia nikashindwa. Nasra alisimama chini ya mchungwa mmoja akatuonyesha mahali atakapokaa, na nilipouona uso wake nikageuka kutazama chemchemi.

Inês aliuliza wageni ni wangapi. Nikasema ndugu wa karibu tu, mia tatu na hamsini. Nasra akatafsiri, na Inês akaandika thelathini na tano. Niliona kwa macho yangu lakini nikanyamaza, maana mkwe alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikaomba kuona jikoni. Nikaonyeshwa chumba kinachong'aa kama cha upasuaji, nikauliza kuni zinawekwa wapi. Hilo Nasra hakulitafsiri kabisa.

Tukakaa kuonja. Sahani kubwa, chakula katikati kama kimesahauliwa: samaki vidole viwili, wali vijiko vitatu. Mie nikadhani ni sampuli ya kuangalia rangi, nikawa nasubiri chakula chenyewe. Vikaja vitamu: vikombe vya mkate mwembamba vyenye uji mzito wa mayai, na keki za lozi. Ilipofika keki ya lozi nikamkumbuka mama. Nasra alikuwa anaongea na Inês, Mama Faraji anatafuta kitu chini ya meza. Nikachukua kitambaa cha kujifutia mikono, cha kitani, kimetariziwa herufi pembeni, nikafunga keki mbili, nikainama kuziingiza mkobani.

Nikagongana kichwa na mkwe. Naye mkoba wake ulikuwa wazi, na mkononi ana kitambaa kama changu, kimefungwa fundo.

Tulitazamana pale chini ya meza, miwani yake imeshuka puani. Tulipoinuka Inês alikuwa amesimama, uso umemshuka. Akamwambia Nasra kitu.

"Mama," Nasra akasema, "anauliza kama keki ni mbaya. Anasema kama hamkuzipenda msizifiche, atabadilisha mpishi."

Ningeweza kudanganya. Siku zote tatu nilikuwa nimedanganya vizuri tu. Lakini mkono wangu ulikuwa bado umeshika fundo.

"Si mbaya," nikasema. "Ni ya Bibi yako. Aliniagiza."

Mama Faraji akavua miwani. "Na hii ni ya baba yake Faraji," akasema. "Nimewaambia watu yuko Kimbiji na shamba lake. Yuko kitandani. Kiharusi kilimpata, huu ni mwezi wa nne sasa, upande mzima haufanyi kazi. Faraji anajua anaumwa, hajui kama hatembei. Niliogopa ataacha kazi arudi."

Nikamshika mkwe mkono, mara ya kwanza tangu tujuane. Kisha Nasra akakaa.

"Kwa hiyo nyie wote wawili hamtaki," akasema. "Mmekula, mmetabasamu, na hamtaki."

Nikamwambia sitaki. Nikamwambia bibi yake hawezi kupanda ndege, na mie siwezi kukaa chini ya machungwa haya nikijua aliyemlea yuko barazani peke yake.

"Bibi mwenyewe kaniambia nifunge huku," akasema. "Kaniambia picha zinamtosha. Mie kila siku nawalisha bibi za watu kwa kijiko, mama. Unadhani wa kwangu simfikirii? Yeye ameniachia, wewe ndiye hutaki..."

Hapo ndege ikapita. Uwanja wa Lisbon uko karibu na mji, zinashuka chini chini kama kwetu. Mie nikanyamaza. Nasra naye akakatia neno mdomoni, macho yamejaa machozi, anaisubiri iende. Mama Faraji na Inês walitutazama sisi wawili tulivyoganda na kikombe changu kimesimama hewani. Ilipokwisha kupita, hasira yake haikurudi kwenye mstari. Akafuta macho, akasema atafikiria, na akamwambia Inês kwamba keki ni nzuri sana.

Siku mbili zilizobaki alitulisha, alitutembeza, alinishonea gauni. Kuhusu harusi hakusema neno. Uwanjani alinikumbatia kwa nguvu na akarudia, "Nitafikiria, mama," na mie nikapanda ndege nikijiona mwanamke aliyekwenda kumvunjia mwanawe furaha, tena kwa tiketi aliyoilipia yeye.

Ukungu wa Dubai

Dubai tulipaswa kukaa saa mbili, tukakaa kumi na moja. Asubuhi ukungu ulitanda, ndege hazikuonekana hata mikia. Watu walilala kwenye mazulia, maduka ya chakula yana foleni zisizosogea. Tulijibanza karibu na nguzo, tumevua viatu, mwalimu mkuu na mpishi.

Mama Faraji akafungua mkoba, akatoa kitambaa chake. Nikamwambia asithubutu, ni ya mgonjwa. Akasema mgonjwa mwenyewe angemgombeza akisikia amemwacha mkwe na njaa. Mie nikataka kutoa yangu, akanizuia: ya mama haiguswi. Tukala keki za Baba Faraji, tukatafuna kwa sauti. Nilipolamba kidole nikacheka.

"Mkwe," nikamwambia, "mie ule mkate wa kwenye ndege nilikwenda kuula chooni."

Akanitazama muda mrefu. "Na mimi ulidhani nilikwenda kufanya nini?"

Tulicheka mpaka mtoto wa Kihindi aliyelala karibu yetu akaamka. Halafu mkwe akalia, akaniambia mumewe anaona aibu kuonekana, anageukia ukutani wageni wakija. Nikakaa naye. Nikamfuta machozi kwa kile kitambaa chenye makombo.

Barazani

Bi Tatu alikuwa pale pale nilipomwacha, kama vile sikwenda. Sikupata hata kuvua viatu.

"Kiko wapi?"

Nikatoa fundo. Keki zilikuwa zimepondeka, moja imebaki nzima kwa bahati, nyingine unga mtupu. Akakishika kitambaa, akakipapasa ile tarizi, akaniuliza nimenunua au nimeiba. Nikamwambia sijui, tulikuwa tunagombana. Akaanza kula makombo kwa ncha za vidole, taratibu, macho amefumba.

Simu ikalia. Nasra, kwa video. Nikamgeuzia bibi yake bila kusema kitu.

"Bibi, unakula nini?"

"Harusi yako," mama akasema. "Tamu. Wamezidisha mayai."

Nilimsimulia mama yote papo hapo, Nasra akisikia, pamoja na habari ya Baba Faraji. Mama aliacha kula. Ile keki iliyobaki nzima akaifunga tena ndani ya kitambaa, akakaza fundo kwa meno.

"Hiyo unamwekea nani, bibi?" Nasra akauliza.

"Ya mwenzangu wa Mbezi. Na yeye hakwenda. Kesho mama yako atampelekea."

"Bibi, si ulisema picha zinakutosha?"

"Nilisema," mama akajibu. "Nilisema usije ukaacha kuolewa kwa ajili ya magoti yangu. Picha hazinitoshi hata kidogo, mwanangu."

Ndege ikaja. Ilipita juu yetu na kelele zake zote, bati likatetemeka, na sisi tukanyamaza kama kawaida. Kwenye simu Nasra naye alikuwa amenyamaza, midomo imebana, anaisikiliza ndege ya kwao kutoka Lisbon. Sikuwahi kuona ndege inachukua muda mrefu hivyo kupita.

Ilipokwisha, akasema, "Mama, nitafutieni Ijumaa, nifunge hapo nyumbani."

Kesho yake nilikwenda Mbezi Beach. Baba Faraji alikuwa amegeukia ukutani. Nikaweka fundo kando ya mto, nikamwambia ni la kutoka kwa Bi Tatu wa Kiwalani, mgonjwa mwenzake, na kwamba siku ya ndoa nitawatengea viti vyao wawili mbele, karibu na masufuria, wapate kunikosoa. Halafu akaugeuza uso, akanyoosha ule mkono unaofanya kazi.

Basi ndiyo hiyo Ijumaa mnayoniulizia, na kila mmoja wenu aje na mwiko wake. Kitambaa nimekifua na kukipiga pasi. Kitarudi Lisbon na Nasra baada ya shughuli, na ndani yake nitafunga halua na visheti vya Inês, maana naye hatafika.